Jamestown, No. 4 au Niagara: ngome ipi uwapeleke watoto?

Mtoto anayesoma darasa la nne au la tano Marekani hakosi kurudi nyumbani siku moja na kazi ya makoloni: chora ngome, eleza wakazi wake walikula nini, walijilindaje. Mzazi aliyesomea Morogoro au Bukavu anaitazama karatasi ile, anaguna, kisha anafungua ramani kwenye simu kutafuta mahali pa kumpeleka mtoto akajionee. Hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Kuanzia Virginia hadi mpaka wa Kanada ngome za kale zimetapakaa, na kila moja inajinadi kwamba ndiyo yenyewe.

Nimechagua tatu za kulinganisha. Ya kwanza ni ngome ya Jamestown, Virginia, iliyojengwa na Waingereza mwaka 1607. Ya pili ni Fort at No. 4, katika mji wa Charlestown, New Hampshire, boma la wakulima la miaka ya 1740. Ya tatu ni Old Fort Niagara, Youngstown, New York, jengo la mawe ambalo Wafaransa walilisimamisha mwaka 1726 na Waingereza wakaliteka mwaka 1759. Urefu wa ukuta na idadi ya mizinga sikuvijali sana. Nilichotaka kujua ni kama mahali panaonyesha watu waliishije siku ambazo hakukuwa na vita: chakula kilitoka wapi, maji yalitekwa wapi, kuni alikata nani, na jirani wa nje ya ukuta alikuwa nani. Jamestown na Niagara ziliwaua watu wake wenyewe kwa njaa na maradhi kuliko adui alivyowaua kwa silaha. Mgeni anayepiga picha na mzinga halafu akaondoka amekosa habari yenyewe.

Jamestown, kwa anayetaka kujua njaa

Mei 1607 watu 104, wanaume na wavulana watupu, walishuka kwenye kisiwa kilichomo ndani ya Mto James. Kufikia katikati ya Juni boma la magogo la pembe tatu lilikuwa limesimama. Kwa ulinzi dhidi ya meli za Wahispania mahali palifaa. Kwa kuishi hapakufaa hata kidogo. Kisiwa ni kinamasi, na maji ya bahari hupanda na kushuka hadi pale: yakijaa mto unakuwa na chumvi, yakipwa unabaki tope na uchafu. Hayo ndiyo waliyoyanywa. Kuhara damu na homa zikawafyeka kiangazi kile kile, na Januari 1608 waliokuwa hai walikuwa 38.

Meli zilileta wengine, na wanawake wawili wa kwanza walifika 1608, lakini wageni wale hawakuwa wakilima vya kutosha kujilisha. Walitegemea mahindi ya watu wa Powhatan, wenyeji wa eneo lile, kwa kununua, kwa kubadilishana shanga na shaba, na mara nyingine kwa kunyang'anya. Nao Wapowhatan hawakuwa na ziada. Pete za miti ya kale ya eneo lile zinaonyesha kwamba ukame wa 1606 hadi 1612 ulikuwa mkali kuliko mwingine wowote katika kipindi cha miaka 770. Mwenyeji ana gunia moja, mgeni mwenye bunduki anataka nusu yake. Uhusiano haukuchukua muda kuharibika.

Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610 ndiyo yaliyobaki katika historia. John Smith, kiongozi wa walowezi aliyejua lini abembeleze na lini atishe ili apate mahindi, alikuwa amerudishwa Uingereza baada ya kuunguzwa na baruti. Wapowhatan wakaizingira ngome, na aliyethubutu kutoka kutafuta chaza au mizizi aliuawa. Ndani walikula farasi, kisha mbwa na paka, kisha panya na nyoka, kisha ngozi za viatu. Watu waliouanza msimu ule walikuwa kama 300. Msaada ulipofika Mei waliobaki walikuwa kama 60.

Mwaka 2012 wanaakiolojia wakichimba ghala la chini ndani ya ngome walikuta, katikati ya mifupa ya farasi na mbwa, sehemu ya fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa miaka 14 hivi. Kwenye paji la uso kuna alama nne za kukatwa, zimepangana karibukaribu na hazikuzama, kana kwamba mkataji alikuwa anasita. Nyuma ya kichwa mapigo ni ya nguvu. Alikatwa akiwa amekwisha kufa, na waliomkata walikuwa wanatafuta nyama. Watafiti walimpa jina la Jane, kwa kuwa jina lake halisi halijulikani, na mabaki yake yanaonyeshwa katika makumbusho ya pale kisiwani. Mtoto wa miaka saba nisingempeleka kwenye chumba kile. Wa miaka kumi na tatu ningempeleka, tena ningekaa naye kwenye benchi la nje baadaye, kwa sababu maswali yatakuwepo.

Jambo la kuangalia kabla ya kununua tiketi: Jamestown ziko mbili, na tiketi ni mbalimbali. Historic Jamestowne ndicho kisiwa chenyewe, ambako tangu 1994 wachimbaji wanaifukua ngome halisi. Utaona misingi, makaburi, nguzo zilizosimikwa kuonyesha ukuta ulipopita, na mara nyingi watafiti wakiwa kazini na sepetu zao. Jamestown Settlement iko mwendo mfupi wa gari kutoka hapo. Ni ngome mpya iliyojengwa kwa kuiga ile ya kale, pamoja na kijiji cha Wapowhatan na nakala za meli tatu zilizowaleta wale 104. Watoto wanapenda hii ya pili kwa sababu wanaruhusiwa kushika vitu na kupanda melini. Mimi naona ya kwanza ndiyo yenye uzito. Ukiweza, nenda zote mbili.

Sisi wa Afrika tuna sababu nyingine ya kwenda. Agosti 1619 meli ilishusha Point Comfort, mdomoni mwa mto huohuo, Waafrika ishirini na kitu waliotekwa katika nchi ya Ndongo, Angola ya leo. Mmoja wa waliofika katika kipindi hicho aliandikwa katika orodha za wakazi kwa jina la Angela, mtumishi katika nyumba ya William Pierce, Jamestown. Eneo la nyumba hiyo limechimbwa na linaonekana kisiwani. Orodha za miaka ya 1624 na 1625 zinampa mstari tu, na hapo ndipo mahali pa kumwonyesha mtoto kwamba koloni hili halikuwa na Waingereza na wenyeji peke yao.

No. 4, kwa anayetaka kuona kaya

Ukitoka Jamestown ukaja Charlestown unaruka zaidi ya miaka mia, na unaingia katika maisha ya aina nyingine. Hapa hakukuwa na kampuni iliyotuma watu kutafuta dhahabu. Walikuwa wakulima: ndugu watatu wa ukoo wa Farnsworth walifika 1740 kwenye kiwanja kilichoitwa kwa namba tu, Namba 4, kando ya Mto Connecticut, juu kabisa ya makazi yote ya Waingereza katika bonde lile. Vita na Ufaransa vilipokaribia, mwaka 1743 wakakubaliana kujenga boma. Nyumba zilisogezwa na kuunganishwa kuzunguka uwanja mmoja, zikazungushiwa nguzo.

Zitazame nguzo hizo kwa karibu. Hazikubanana, kati ya moja na nyingine kuna nafasi ya kupenya mkono. Mtoto atauliza kwa nini waliacha matundu. Ukuta uliozibwa wote humpa adui mahali pa kujibanza usimwone, na magogo yanayobanana ni mengi mno kwa watu wachache kuyakata na kuyakokota. Nafasi ile inatosha kupitisha mtutu wa gobori lakini haimruhusu mtu mzima kupita.

Ndani ni vyumba vidogo, dari fupi, meko kubwa, kitanda, gurudumu la kusokotea uzi. Unga wa mahindi ndio uliokuwa chakula cha kila siku, ukipikwa kwa maji au maziwa hadi uwe kama ugali laini. Ukiongeza maboga, maharage na nyama ya nguruwe ya chumvi umemaliza sehemu kubwa ya jikoni yao. Mwafrika Mashariki haoni ajabu hapo, na watoto wetu hupata raha kidogo kugundua kwamba chakula cha "wakoloni wa kwenye kitabu" wanakijua.

Shida ni kwamba mashamba na zizi vilikuwa nje. Boma halilimi. Ng'ombe lazima akamuliwe asubuhi na jioni, nyasi lazima zikatwe, na kila kazi ya nje ilihitaji mtu wa kushika bunduki pembeni. Mei 1746 mkazi mmoja, Seth Putnam, aliuawa walipokuwa njiani kwenda kukamua. Kufikia majira ya baridi ya mwaka huo wakazi walichoka, wakaliacha boma na kurudi kusini.

Machi 1747 Kapteni Phineas Stevens alirudi na watu 30. Aprili, mbwa wakaanza kubweka bila kunyamaza, wakajua kuna watu msituni. Walikuwa Wafaransa na washirika wao wa makabila ya wenyeji, wakiongozwa na Boucher de Niverville. Stevens aliwakadiria 700, na yawezekana alizidisha. Kwa siku tatu walijaribu kuliteketeza boma kwa moto. Waliokuwa ndani wakachimba mahandaki yanayopita chini ya ukuta, mtu akasimama humo na kumwaga maji upande wa nje bila kupigwa risasi. Kisima cha ndani ndicho kilichowaokoa.

Kisha likaja jambo ambalo mimi nalipenda kuliko mapigano yenyewe. Washambuliaji waliishiwa chakula. Wakaomba wauziwe mahindi, wakaahidi kwamba wakiuziwa wataondoka. Stevens alijibu kwamba kwa fedha hauzi, ila kwa kila mateka atakayerudishwa kutoka Kanada atatoa busheli 5 za mahindi, yaani zaidi ya kilo 100. Wakapiga risasi chache na kuondoka. Hakuna hata mmoja wa watu wa Stevens aliyekufa. Komodoo Charles Knowles wa jeshi la majini la Uingereza akamtumia upanga wa zawadi, na mji baadaye ukapewa jina kutokana na huyo Charles.

Habari ya pili ya No. 4 ni ya Susanna Johnson, na kwa hiyo tu ningeiweka ngome hii mbele kwa familia yenye wasichana. Agosti 1754 hapakuwa na vita vilivyotangazwa, na Johnson na mumewe James waliishi katika nyumba yao nje ya boma. Usiku wa tarehe 29 majirani walikuja, wakala matikiti maji na kunywa hadi saa sita usiku. Alfajiri jirani yao Peter Labarree alibisha hodi aje kazini, mlango ukafunguliwa, na Waabenaki, wenyeji wa bonde lile, wakaingia nyuma yake. Walichukua watu 8: mume, mke, watoto watatu, mdogo wake Susanna aitwaye Miriam, na majirani wawili. Susanna alikuwa mja mzito wa siku za mwisho. Kesho yake alijifungua njiani, msituni, mtoto wa kike ambaye alipewa majina Elizabeth Captive, yaani Mateka. Aliendelea na safari juu ya farasi, hadi siku walipoishiwa chakula na farasi huyo akaliwa.

Walipelekwa Kanada, wengine wakauzwa kwa Wafaransa wa Montreal. Mwanaye Sylvanus alibaki na Waabenaki miaka kadhaa. Aliporudi alikuwa hajui tena Kiingereza. Binti mkubwa alilelewa Montreal, akarudi akizungumza Kifaransa. Mzazi wa ughaibuni ambaye mwanawe anamjibu kwa lugha nyingine hahitaji kuelezwa zaidi. Nami naongeza kwamba Waabenaki hawakuwa majambazi waliotokea hewani. Bonde lile lilikuwa njia yao na mashamba yao kabla ya kupewa namba, na mateka kwao walikuwa wa kubadilishana, kuuzwa, au kulelewa wawe watoto wa ukoo. Maelezo ya No. 4 yanaegemea upande wa walowezi. Itakupasa wewe mzazi kuujazia ule mwingine.

Boma unaloliona leo si lile la kale. Lilijengwa upya katika miaka ya 1960, karibu na lilipokuwa la asili. Na ni mahali padogo. Anayetarajia meli na maonyesho makubwa atasikitika. Lakini udogo wake ndio sifa. Unasimama katikati ya uwanja na unaona nyumba zote, unaelewa kwamba kila mtu alisikia kikohozi cha kila mtu.

Niagara, kwa anayetaka kuona askari

Old Fort Niagara inashinda zile mbili kwa jambo moja ambalo halina ubishi: ile nyumba ni yenyewe. Mawe unayoyagusa yaliwekwa 1726. Wenye nchi, Waseneka, waliwakubalia Wafaransa nyumba ya biashara, si ngome. Mhandisi Chaussegros de Léry akajenga jumba linalofanana na nyumba ya tajiri, lenye kuta nene ajabu na madirisha ya darini yaliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki na mizinga midogo. Nje ni ujirani mwema, ndani ni vita.

Ukiingia tu, mbele yako kuna kisima, ndani ya nyumba. Viongozi watawaambia watoto hadithi ya afisa Mfaransa aliyekatwa kichwa katika ugomvi na kiwiliwili kikatupwa humo, na watoto hawataizungumzia nyingine hadi nyumbani. Wewe tazama kisima chenyewe. Ndani ya jumba hilohilo kuna pia tanuri la mikate, ghala, chumba cha biashara, kanisa dogo na vyumba vya askari. Jengo zima limepangwa ili watu wasihitaji kutoka.

Sababu ya hofu hiyo iko kwenye msalaba wa shaba ulio ndani ya uwanja. Mwaka 1687, kabla ya jumba hili, Wafaransa waliacha hapo askari kama 100 katika boma la magogo. Walikuwa wametoka kuchoma vijiji na mahindi ya Waseneka kiangazi kilekile. Chakula walichoachiwa kilikuwa kimeharibika, na Waseneka walikuwa nje wakiwasubiri, hivyo kuwinda na kukata kuni vikawa kujitafutia kifo. Kiseyeye, njaa na baridi vikafanya kazi. Msaada ulipofika Aprili 1688, waliobaki hai walikuwa 12, na kamanda wao Pierre de Troyes hakuwa miongoni mwao. Padri Millet alisimika msalaba Ijumaa Kuu ya mwaka huo. Huu wa shaba uliwekwa 1926 kuwakumbuka.

Maisha ya askari wa Kiingereza waliokuja baada ya 1759 yalikuwa bora kwa tumbo na mabaya kwa moyo. Posho ya wiki ilipangwa: unga au mkate kilo 3 na kidogo, nyama ya ng'ombe uzito uleule au ya nguruwe kama kilo 2, njegere, siagi kidogo, mchele kidogo. Yote hayo ya mapipa, yenye chumvi, na yalitegemea mashua zifike kabla ya maji kuganda. Walilala wawiliwawili kwenye kitanda kimoja, godoro la majani makavu. Wanawake wachache, wake za askari, waliruhusiwa kwa kila kombania. Walipata nusu posho, wakafua na kuuguza. Ziara ya Niagara inagusa haya, ingawa milio ya magobori uwanjani hufunika mengi.

Kwa hiyo, ipi?

Aliye Buffalo au Rochester, ambako Wakongomani na Waswahili wengine si wachache, asijisumbue na safari ndefu: Niagara iko mlangoni, hufunguliwa mwaka mzima, na maporomoko ya maji yako njiani, kwa hiyo hata wasiopenda historia hawatalalamika. Vaeni nguo nzito hata Mei. Upepo wa Ziwa Ontario hauna utani. Aliye Toronto akumbuke kwamba ngome iko upande wa Marekani wa mto. Kama karatasi za kuvuka mpaka hazijakamilika, upande wa Kanada kuna Fort George, lakini hiyo ni ya miaka ya 1790, habari nyingine kabisa.

Aliye Manchester, Concord au Boston mwenye watoto wa shule ya msingi aende No. 4, wala asifikirie mara mbili. Hufunguliwa msimu wa joto, kwa hiyo angalia ratiba kwanza, na chagua siku ambayo wanaigiza maisha ya zamani. Siku ya kawaida mahali huwa kimya mno kwa mtoto wa miaka sita. Aliye Pittsburgh atashangaa kwa nini nimeiacha Fort Ligonier. Ni ngome nzuri, iliyojengwa 1758 kwa safari ya Jenerali Forbes wa Uingereza kwenda kuiteka Fort Duquesne ya Wafaransa, lakini ilikuwa kituo cha jeshi lililo njiani, na maisha ya kila siku ninayoyatafuta hayaonekani sana.

Ukiniuliza mimi ambaye ningelazimika kuchagua moja tu kwa maisha yangu yote, ningekwenda Jamestown, na ningekwenda na watoto wakiwa wamefika sekondari. No. 4 inapendeza zaidi na Niagara inavutia macho zaidi, lakini Jamestown ina udongo wenyewe, ina Jane, ina Angela. Tena kisiwa hicho kinazama polepole: mto unapanda, mvua kubwa zinafurika, na mwaka 2022 kiliwekwa katika orodha ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani. Anzeni na kisiwa asubuhi wakati akili haijachoka, msome maelezo taratibu, halafu mchana nendeni kwenye ngome ya kuigiza watoto wakapande meli. Mkibaki na muda kesho yake, Point Comfort iko Hampton, ndani ya eneo la Fort Monroe, chini ya saa moja na nusu kwa gari.